Alama Saba za Penseli

Basi la Broadway lilikuwa likijikokota kwenye theluji asubuhi ile, na Bi Goldfarb, aliyejifanya anasoma gazeti, hakupitwa na neno hata moja. Mbele yake kijana wa miaka kama kumi na sita alikuwa akimlalamikia mzee asiyemjua, mpaka rangi mwenye madoa meupe suruali nzima. Shule upuuzi mtupu, walimu wanafiki, marafiki wa baba yake wanacheka hata kisichochekesha.

"Sasa wewe hupendi chochote, mwanangu?" mzee akamkatiza.

"Mwimo wa mlango wa jikoni kwetu. Mdogo wangu Nettie tulikuwa tunampima pale kila siku yake ya kuzaliwa, kwa penseli. Alama saba. Ya nane hakuifikia."

Bi Goldfarb akafunua ukurasa ambao hata hakuwa na haja nao.

"Leo mwenye nyumba analeta wapaka rangi," kijana akaendelea. "Mara ya mwisho mama aliwazuia. Safari hii kanyamaza tu. Nimetoroka shule. Mzee, nyinyi huwa mnaanza na nini?"

Mzee akatazama mikono yake. "Dari. Milango mwisho kabisa. Utawahi, mwanangu."

Basi liliposimama, kijana akaruka chini, akatimua mbio kichwa wazi kwenye theluji.

Bi Goldfarb akashusha gazeti. "Kumbe mnaanza na dari?"

"Tunaanza na milango, mama," mzee akasema. "Inachelewa kukauka."