Siku Nilipogombea Kiti cha Usuluhishi

Sogeeni, wanangu, wewe Simoni na wewe Elizabeti, mnisikilize, maana sauti inaniishia na haya sitaweza kuyarudia. Ng'ombe waliobaki mgawane sawasawa, na mtu yeyote asimwambie Elizabeti kwamba binti harithi. Mimi baba yenu ndiye nimesema. Shamba siwaachii, kwa sababu shamba sasa ni la kijiji, na kule kwetu tulikohamishwa vimebaki vichaka tu.

Simoni, nimesikia wanachama wamekufuata wakitaka ugombee kiti cha baraza la usuluhishi. Kabla hujawajibu, sikia yaliyonipata mimi, kwani wakati ule ulikuwa kazini Shelui na uliambiwa nusu tu.

Tangu enzi za mtemi watu waliniletea magomvi yao ya mipaka na ya mahari, wakaondoka kwangu wakisalimiana. Serikali ilipoleta baraza, tukaambiwa wasuluhishi watapatikana kwa kura za wanachama wa tawi la TANU, nami nikagombea bila wasiwasi, maana kadi nilikuwa nayo tangu kabla ya uhuru. Mgombea mwenzangu alikuwa Leonidas, shemeji yake katibu wa tawi. Ulikuwa mwaka wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, na Anastazia, yule mjane jirani yetu, alikuwa amekataa kuhama mpaka avune uwele wake.

Siku ya mkutano katibu alitusimamisha mbele ya watu, akauliza, "Anastazia akiletwa kwenu, mtamhukumu vipi?"

Leonidas akajibu upesi, "Ahame leo hii, na tembe lake libomolewe."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikasema, "Ndugu katibu, mama huyu sijamsikiliza bado. Nitamhukumuje?"

"Kwa hiyo unapinga chama?"

"Sipingi. Nasema aletwe kwanza, ajieleze."

Tukaambiwa kila mwanachama asimame nyuma ya mtu wake, na nilipogeuka, wanangu, nilimwona mama yenu peke yake. Watu niliowapatanisha na ndugu zao walinipita wakitazama chini, na Alute, mdogo wangu wa tumbo moja, alipita pia akininong'oneza, "Kaka, nina watoto."

Wiki ile ile wakabomoa tembe la Anastazia. Mvua zilikuwa hazijakatika, naye pamoja na wanawe wakashushwa kwenye uwanda mtupu, bila hata majani ya kuezekea kibanda, na yule mdogo, Theresia, akashikwa na kichomi akafa. Nilikwenda kuchimba kaburi. Leonidas naye alikuja na jembe lake, tukachimba pamoja bila kusemeshana, na mpaka leo sijasema naye. Uwele uliliwa na ndege.

Miaka yote hii nimejiuliza, je, ningejibu kama Leonidas, nikapata kiti, halafu nikamwacha yule mama avune? Pengine wangeniondoa kesho yake. Sijui, na sina cha kukushauri, mwanangu. Ukisema kweli watakupita kama walivyonipita mimi, na ukidanganya ili upate kiti, sijui utawahukumu watu kwa moyo gani. Mimi sioni njia. Nimetafuta, sijaiona.

Nizikeni hapa hapa, msihangaike kunirudisha kule kwetu. Alute nilishamsamehe, yeye ndiye atupe udongo wa kwanza. Leonidas akija msibani msimfukuze. Mimi nimeshindwa kumpa mkono, basi mpeni ninyi.

Elizabeti, niinue kidogo... hapo. Mungu akutunze, binti yangu, wewe na uzao wako, msikose chakula, msihamishwe tena. Simoni, mbona umesimama mlangoni? Njoo, piga magoti, nikuwekee mkono kichwani. Utakaloamua, uamue... mimi nimekubariki tayari. Karibu zaidi. Mkono hauinuki, mwanangu... ushike wewe, uuweke mwenyewe.