Kromosomu Ishirini na Nne za Bwana Assumani

Leo, tarehe 31 Desemba 1957, Bwana Assumani Heri anavua koti lake jeupe baada ya miaka ishirini na minane katika maabara yetu ya mbegu, hapa Kasongo. Aliingia akiwa mfagiaji. Anatoka akiwa bingwa wa kuhesabu kromosomu, zile nyuzi fupi zinazobeba urithi wa mmea.

Kila asubuhi, jua likishapanda kidogo, alikata ncha za mizizi michanga ya mpunga, kwani saa hiyo ndipo chembe hai za mmea hugawanyika kwa wingi. Alizitia rangi nyekundu, akazibana kati ya vioo viwili, akakandamiza kwa kidole gumba. Chembe, kabla ya kugawanyika, hutengeneza nakala ya kila kromosomu, ili zile mbili zinazozaliwa zipate idadi ileile. Mpunga una ishirini na nne. Kidole nacho hakikutakata tena. Kwenye karamu za mtaani wapishi walimshuku kwamba amekichovya katika mchuzi wa mawese kabla ya wageni.

Mwaka 1951, Mama Léocadie, mkulima kutoka Wamaza, alituletea mpunga uliozaa kuliko wa majirani zake wote. Tulimwagiza alete mbegu yote, naye akaleta yote. Mkuu wetu alihesabu kromosomu ishirini na tatu, akaona mbegu ina kasoro, akaamuru kapu lichomwe.

Kioo kile alichohesabia mkuu alikitayarisha Assumani, mbiombio, siku ya arusi ya binti yake Hawa. Angeweza kunyamaza, maana wiki hiyohiyo alikuwa apewe cheo cha msaidizi mkuu. Aliinama kwenye hadubini, kisha akasema mbele yetu sote: "Bwana, kosa iko yangu. Sikukandamiza muzuri. Iko makumi mbili na ine, moja imelala juu ya mwenzake."

Akatayarisha kioo kingine. Mkuu alihesabu mara tatu. Ishirini na nne.

Kapu lilirudi Wamaza kichwani mwa mwenyewe. Assumani alipata barua ya onyo, ya pekee katika faili lake. Cheo nilipewa mimi, na mpaka leo naona haya. Yeye alikuwa wa kwanza kunipa mkono, na kunichafua rangi.

Asante, ndugu yetu. Tunakuombea afya, miaka mingi na wajukuu watundu. Wali ulio mezani leo ni zawadi ya Mama Léocadie, wa mbegu ileile. Nawa mikono, ingawa haisaidii, uonje kabla ya wageni wote.

Octave, msaidizi mkuu