Shi Xinlian na Swali la Chumvi

Kwanza naomba radhi. Jarida hili la ofisi halijatoka tangu majira ya kupanda mpunga mwaka juzi, na wasomaji wetu wa vijijini wameuliza mara nyingi kama tumekufa au tumehama. Hatukufa wala hatukuhama. Mhariri aliugua, kisha akapona, kisha akazembea, na mhariri huyo ni mimi. Lakini mambo mengine hayasubiri uzembe wa mtu mmoja.

Tarehe 31 Oktoba 2019, Bi. Shi Xinlian, mtathmini mkuu wa miradi ya kilimo katika wilaya yetu, alistaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na minne bila kukatiza. Aliacha mezani ripoti yake ya mwisho, kurasa tisa tu, inayotathmini majaribio ya miaka miwili ya kufuga samaki majarubani, ndani ya maji ya mpunga, katika vijiji vinne vya juu. Ripoti inaomba kwamba kaya zote mia mbili na sitini za vijiji hivyo zigawiwe vifaranga vya samaki msimu ujao wa kupanda. Kamati haijaamua. Bi. Shi amekwenda nyumbani bila kujua, na nyumbani kwao ni Gaoliu, kimojawapo cha vijiji hivyo vinne.

Aliajiriwa mwaka 1985 akiwa karani wa takwimu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kunakili idadi ya mifugo iliyoletwa na wakaguzi, na katika mwaka wake wa tatu akaomba aende kuiona mifugo yenyewe. Mradi ulikuwa umegawa nguruwe weusi, mmoja kwa kila nyumba. Katika nyumba ya kwanza alionyeshwa nguruwe mwenye sikio lililochanika. Katika nyumba ya pili alionyeshwa nguruwe, naye sikio lake limechanika. Katika nyumba ya tatu mnyama alikuwa anahema kwa kukimbizwa njia ya nyuma. Bi. Shi akamwambia mwenye nyumba, "Bibi, mimi na huyu tumeonana mara tatu leo. Mpe maji kwanza, amechoka kuliko mimi." Bibi yule alicheka hata akakaa chini, kisha akaeleza ukweli wote: nguruwe wengine walikufa kwa homa, na watu waliogopa kusema. Kwa sababu ya kicheko hicho, mradi ulileta chanjo badala ya adhabu.

Tangu siku hiyo alikuwa na utaratibu wake, na aliyetaka kufanya kazi naye alilazimika kuufuata. Alifika, akaketi kwenye kigoda kando ya moto, akanywa chai ya mafuta, ile ya bakuli inayoliwa na wali wa kukaangwa kwa kijiti kimoja, akauliza habari za wote waliomo ndani kwa majina. Dodoso lilibaki mkobani mpaka mwenyeji mwenyewe aulize liko wapi. Mwenzetu Liang Zhonghai, aliyehamia kwetu kutoka mjini akiwa na miaka arobaini, alikwenda naye mara ya kwanza bila kuelezwa kwamba mgeni aliyetosheka hulaza kijiti chake cha kulia juu ya bakuli. Yeye alikishikilia mkononi kwa adabu, na kila alipomaliza bakuli akajaziwa jingine. Alipofika la saba, wanawake wa nyumba ile walikuwa wakinong'onezana, "Mgeni huyu ana tumbo la nyati!" Bi. Shi alimwacha ateseke mpaka la nane ndipo akamwambia, "Kaka Liang, kilaze hicho kijiti, la sivyo tutakuzika hapa." Liang husimulia kisa hiki mwenyewe, kwa hiyo sioni haya kukiandika.

Nisiseme kwamba alikuwa mtu rahisi. Alichukia michoro ya rangi katika ripoti. Aliingia mkutanoni na viatu vya matope, na simu yake ililia mpaka ikachoka. Mwandiko wake niliusahihisha kwa miaka ishirini na sijaona ukibadilika. Lakini kisa ninachotaka kibaki katika kumbukumbu za ofisi hii si cha matope. Ni cha mwaka 2011, alipokosea.

Wakati huo mradi wa samaki ulikuwa umefikisha miaka mitatu katika vijiji saba vya chini. Samaki wa asili walikuwa wametoweka majarubani tangu miaka ile ya dawa za wadudu, na mradi uliwarudisha: kila kaya ilipewa vifaranga mia tatu. Bi. Shi aliongoza tathmini ya mwisho. Dodoso liliuliza kaya imeuza samaki kiasi gani na imekula kiasi gani. Kaya mia nne na kumi na mbili zikajibu. Kuuza: karibu hakuna. Kula: kilo nne kwa kaya kwa mwaka. Ripoti ikasema mradi umeshindwa, vifaranga wamekufa au wameliwa na bata, na nguvu zielekezwe kwenye mashamba ya machungwa. Bi. Shi akatia sahihi. Kilichobaki kilikuwa kikao cha kamati cha kuuzika mradi rasmi.

Siku nne kabla ya kikao, katika kijiji cha Pingkao, alifariki Bibi Lu, mzee wa miaka themanini na nne. Mwezi uliotangulia alikuwa ameketi kando ya moto wakati Bi. Shi akimhoji mkwe wake. Bi. Shi akaenda mazishini, kama ilivyompasa. Kwetu wafiwa hawagusi nyama mpaka maiti azikwe. Ni samaki peke yake. Akasimama uani na waombolezaji wengine akaona mapipa ya mbao yakitolewa darini, mawili, kisha matatu, na mawe yakiondolewa juu yake. Samaki waliochachushwa kwa chumvi na wali wa kunata walipangwa humo tabaka juu ya tabaka, wekundu kwa pilipili, wa mwaka huu, wa mwaka jana na wa mwaka juzi. Walilishwa watu mia mbili, na kila aliyeondoka alifungiwa samaki wa kupeleka nyumbani.

Bi. Shi alimfuata mkwe wa marehemu, Ganmei, penye maji ya kuoshea vyombo. "Dada," akamwambia, "nilikuuliza mmekula wangapi, ukanijibu kilo tatu."

"Ndiyo. Tulikula kilo tatu."

"Na hawa?"

"Hawa hatujawala sisi. Hawa ni wa mama."

"Mbona hukuniambia?"

Ganmei aliacha kuosha. "Dada Xinlian, wewe si mgeni hapa. Mama alikuwa amekaa pale motoni, anakusikiliza. Nikuhesabie samaki wa mazishi yake mbele ya macho yake? Ungehesabu wewe, mama yako akiwepo?"

 Bi. Shi alizaliwa katika mila hiyohiyo, na bado alikuwa ameandika dodoso ambalo mtu mwenye adabu hawezi kulijibu. Aliingia katika nyumba mia nne na kumi na mbili, na katika karibu kila nyumba palikuwa na mzee kando ya moto. Samaki hawakufa. Walikuwa darini, juu ya kichwa chake, alipokuwa akiandika kilo nne.

Kikaoni aliomba kusema kwanza. Mkurugenzi wa wakati ule, Mzee Pan Guangde, alikuwa na ripoti mbele yake.

"Xinlian, sahihi hii ni ya nani?"

"Ni yangu, Mkurugenzi."

"Sasa unataka nini?"

"Naifuta. Nipeni siku ishirini."

Mzee mmoja wa kamati akasema kwa sauti kwamba mtathmini anayejipinga mwenyewe ni kama mizani yenye bawaba mbovu. Bi. Shi akamjibu kwamba mizani mbovu ni ile isiyokubali kurekebishwa, akaketi. Alipewa siku ishirini. Mwaka huo alikuwa akitajwa kwa unaibu mkurugenzi. Baada ya siku ile hakutajwa tena, na sikumsikia hata mara moja akiligusa jambo hilo.

Shida ilikuwa namna ya kuuliza. Hakuweza kutaja mapipa mbele ya wazee, wala hakutaka kuwanyemelea wakwe visimani kama mpelelezi.  Siku ya tatu alikuja ofisini na pipa dogo, akapima samaki, akapima chumvi, akapanga, akapima tena, mpaka chumba cha kumbukumbu kikanuka, na kinanuka hata leo. Akapata kipimo: kilo moja ya chumvi kwa kilo nane za samaki. Kisha akarudi vijijini na swali moja: mavuno haya mmetumia chumvi kiasi gani?

Kuuliza chumvi si kumtabiria mtu kifo. Wazee wenyewe walijibu, tena wakibishana. Mzee mmoja wa Pingkao alimtania, "Binti, samaki wamekushinda, sasa unahesabu chumvi? Mwakani utakuja kuhesabu moshi?" Akamtajia kilo nne na robo, na mkewe akamsahihisha kuwa ni kilo tano. Bi. Shi akaondoa chumvi ya mboga za kuchachusha, akapiga hesabu upya. Si kilo nne za samaki kwa kaya. Kilo thelathini na moja. Alimaliza siku ya kumi na tisa. Mradi haukuzikwa, na hadi leo vijiji vile saba vina samaki. Swali la chumvi limo katika madodoso yetu yote, nalo limenakiliwa na wilaya jirani ambazo hazijui limetoka wapi. Sasa zijue.

Vijiji vinne vya juu havikuwamo katika mradi ule, kwa hofu kwamba maji yake ni baridi mno. Huko juu, mtu akifiwa hununua samaki sokoni, na wageni wanajua, na mwenye msiba huinamisha kichwa kwa aibu. Majaribio ya miaka hii miwili yalifanywa katika kaya arobaini. Bi. Shi alikataa nyumba ya mama yake iwemo, na huko Gaoliu alimtuma Liang ahesabu badala yake. Samaki wameishi. Ndivyo ripoti inavyosema, na mimi nimeisoma kwa jicho la mtu anayetafuta kosa.

Alikataa sherehe ya ukumbini, kwa hiyo tulipanda Gaoliu kumuaga, watu kumi na mmoja. Juu ya zawadi tulibishana wiki nzima. Wapo waliotaka saa ya ukutani, wapo waliotaka blanketi. Liang ndiye aliyesema, "Mpelekeeni chumvi," na ubishi ukaisha. Tulibeba gunia la kilo ishirini na tano.

Mama yake ana miaka tisini na mmoja. Alikuwa kando ya moto. Alilitazama gunia likiingia, akalitazama pipa jipya la mbao lililosimama pembeni, tupu, bado likinuka mti mbichi, kisha akauliza ni ya nini chumvi yote hiyo. Sisi ambao kazi yetu ni kutaja kila kitu na idadi yake tukatazama ndani ya mabakuli yetu.

"Ya mboga, mama," akasema Bi. Shi.

"Hee," akasema mama, "basi mwakani tutakula mboga nyingi." Akacheka peke yake, akamjazia Liang bakuli, maana alikuwa amesahau tena kulaza kijiti.

Bi. Shi, ofisi hii inakushukuru kwa miaka thelathini na minne, na zaidi kwa zile siku kumi na tisa. Pumzika, lala mpaka jua likuamshe, na moto wa nyumba yenu uendelee kuwa na mwenye kuuota. Kamati itakaa mwezi Desemba. Kwa kuwa simu hupokei, siku itakapoamua nitakuandikia kwa mkono wangu, iwe ndiyo au hapana, na barua hiyo haitachelewa kama lilivyochelewa jarida hili.