Majibu ya Mzee Mburugu

Ndani ya gari la Nanyuki, Kinya alishtuka kusikia jina la Mzee Mburugu kutoka kiti cha mbele.

"Ni baba yangu," mama mmoja alikuwa akimwambia jirani yake. "Tulimzika kwa plastiki. Hata mchanga hatukumtupia. Wiki tatu baadaye majibu ikakuja, ati hakuwa na korona."

"Na serikali ilisema iko tayari."

"Kuzika ilikuwa tayari. Kupima ndio ilikuwa bado."

Kinya ndiye nesi aliyemtia mzee kijiti puani, akaweka sampuli kwenye friji kungoja gari la kuipeleka maabara Nairobi. Lilikuja siku ya kumi na nane.

Wakafika Chaka. Mama akainuka kushuka, akamtazama Kinya.

"Vuta hiyo barakoa vizuri, msichana wangu."

Kinya akaivuta hadi machoni.