Simu Tatu Wakati wa Eda

Ndugu wa Sib, wa Hamriya, na mliotoka mbali zaidi, Mungu awalipe kwa hatua zenu. Bi Nasriya binti Suud alizaliwa tarehe 2 Februari 1951, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, akasoma huko, akaletwa Maskati na wazazi wake mwaka 1973, akahitimu ukunga mwaka 1977, akazalisha hapa miaka ishirini na minne, kutwa kiguu na njia, hata chai akiinywa kwa kusimama.

Aliolewa na Bwana Humaid tarehe 9 Juni 1978, wakajaaliwa binti mmoja, Khawla. Vita vya Burundi vilipozuka mwaka 1993, moyo wake haukutulia tena, na mwaka 2001, risasi zikiwa hazijanyamaza sawasawa, aliacha kazi akarudi Buyenzi kufufua chumba cha uzazi kilichoporwa hadi vitanda, akawa nusu mwaka huko, nusu huku, na dawa za kuzuia damu ya uzazi akizificha mahali alipopajua peke yake, zisiporwe tena.

Bwana Humaid alifariki tarehe 6 Machi 2004, Bi Nasriya akakaa eda. Mwezi wa Mei daktari wa Buyenzi alipiga simu mara tatu kuuliza dawa zilipo, na kaka yake Bi Nasriya, Yaqdhan, huyu anayewasomea, akamjibu kwamba mjane hasikii sauti ya mwanamume wa kando, wala hakuufikisha ujumbe, akichelea dada yake asije akavunja eda akaondoka. Wanawake wawili waliojifungua huko Buyenzi walitoka damu hadi wakafa. Sheikh alisema baadaye kwamba eda haikukataza simu, lakini majuto ni mjukuu.

Alipotoka eda, mwezi wa Julai, akaambiwa habari hizo, hakulia wala hakugomba, alifunga mkoba, siku ya tatu akasafiri kwenda Buyenzi, asiseme na kaka yake mwaka mzima. Huko alifundisha wakunga kumi na mmoja, na akaamuru mahali pa dawa pajulikane na watu watatu daima.

Saratani ya titi iligunduliwa Januari 2008. Hata kitandani aliulizia ndege ya Alhamisi ya kwenda Bujumbura, simu ikiwa chini ya mto, na ilipolia, Yaqdhan ndiye aliyemshikisha, awe anayepiga mwanamume au mwanamke. Alifariki nyumbani, Sib, Jumatano, tarehe 19 Novemba 2008. Hakutamka kwamba amesamehe, ila simu alimwachia yeye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika siku zote hizi, na wakunga wenzake wa huku na wa Buyenzi. Simu hiyo imo mfukoni mwa Yaqdhan, haikuzimwa, ikilia mbele yenu mumwie radhi, ataipokea.

Basi kaa kitako, Nasriya, upumzike kwa amani.