Kumuaga Mama Amon na Baiskeli Yake

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Mchungaji kiongozi wa usharika. Mganga mfawidhi pamoja na watumishi wote wa kituo chetu cha afya. Wazee wa kanisa. Wakwe zangu mliotoka Bulongwa alfajiri na baridi yote ile. Ndugu wageni waalikwa. Na nyinyi kinamama mliokaa huko nyuma karibu na masufuria: kamwene. Bwana asifiwe.

Ratiba inasema mume wa mstaafu atatoa neno la shukrani. Kwa asiyenijua, naitwa Hezekia, mwenye lile Fuso la kubebea mbao linaloegeshwa karibu na stesheni hapa Makambako, na ni mume wa Esnath, mkunga, Mama Amon, tunayemuaga leo. Shukrani ninazo, tena tele. Lakini niliposimama hapa nimeona kwamba siwezi kushukuru kwa jambo nisilolielewa, na mimi, ndugu zangu, mambo haya siyaelewi.

Mtu akistaafu kwetu tunajua afanye nini. Anapanda parachichi, anafuga kuku, anaingia kamati ya ujenzi wa kanisa na kugombana na fundi. Huyu wa kwangu amenunua baiskeli yenye matairi manene kama ya trekta, na kesho kutwa anaondoka nayo peke yake kwenda Bulongwa alikozaliwa. Nanyi msidhani atapita kwenye lami. Lami tunayo, tumeililia miaka mingi mpaka tukaipata, na mama huyu anaipa kisogo. Atapita kwenye mashamba ya miti, atapita njia za ng'ombe, atapandisha milima ya Makete kwenye matope na ukungu, na jioni ikimkuta mahali atalala hapo hapo kwenye hema alilotumiwa na binti yetu Eveline. Nilimwambia, Mama Amon, Fuso lipo, mimi nipo, tukitoka asubuhi jioni tunakula ugali kwa kaka yako. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyeeleweka anaumwa wapi.

Basi nikasema, kama hatashikika, walau nimsaidie kufungasha. Kufungasha nakujua. Nimepakia mbao za Songea na mahindi ya Tunduma, na mzigo wangu haujawahi kulala upande. Nikamwekea jeki ndogo, kamba ya kuvutia, blanketi mbili, debe la viazi, na ndoo, maana mwenye safari bila ndoo ni nani? Nilipomaliza, baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta na ukuta ulikuwa unalalamika. Mama Amon akatoka nje, akaifungua kamba yangu fundo baada ya fundo, akanirudishia vitu vyangu kimoja kimoja. Akaleta ile mizani tunayopimia maharage. Kila kitu kikapanda kwenye mizani: spana, pampu, viraka na solusheni yake, tyubu za akiba, sufuria, hata soksi. Kesho yake nikamkuta amekaa kwenye ngazi anakata mpini wa mswaki kwa msumeno. Nikauliza kulikoni. Akasema anapunguza uzito. Mheshimiwa Diwani, wewe ni msomi, mswaki una uzito gani?

Halafu nikagundua mifuko ya kufunga kwenye baiskeli ameishona yeye mwenyewe, ya bluu, mizuri, imara, haipitishi maji. Nikaisifu sana. Nikaja kujua ile bluu imetoka wapi nilipokwenda kufunika mbao na mvua ikaingia kwenye turubai langu kupitia tundu la mraba. Mkinga kama mke wangu akishaamua biashara, Mbena kama mimi anabaki kuhesabu mabaki yake, na wakwe zangu mnacheka kwa sababu mnajua nasema kweli.

Lakini hayo yote ni utani, na sikuja hapa kutania tu.

Sisi watu wa huku hatumtoi mtu nyumbani bila kumkabidhi. Mtoto akienda shule, anakabidhiwa kwa mjomba aliye karibu na shule. Binti akiolewa, anakabidhiwa. Hata mgonjwa akipelekwa hospitali, tunauliza kwanza, huko kuna nani wa kwetu? Mtu anayefika mahali na asipokelewe na yeyote, sisi huyo tunamhurumia. Ndiyo maana mzee wa ukoo anapomuaga msafiri huulizwa mbele ya watu, unamkabidhi kwa nani, naye hutaja jina. Nami nililala nikiwaza, nikiulizwa swali hilo nitataja jina gani? La mti?

Kwa hiyo nikachukua simu. Nina watu kila kona ya mkoa huu, nimewabebea mbao na saruji za makanisa yao. Nikazipigia sharika zote zilizo kwenye njia yake, nikasema, mke wangu anapita kwenu, ni mkunga aliyezalisha nusu ya Makambako, mpokeeni. Na watu wetu mnawajua. Huku wakapanga kwaya, kule wakapanga chakula, kwingine wakaomba azungumze na umoja wa wanawake na kupanda mti wa kumbukumbu. Nilifurahi sana. Nikaona sasa nimefungasha kitu kinachofaa, tena hakina uzito.

Ndipo Mzee Agustino, mzee wa kanisa wa usharika mmoja huko njiani, yule aliyekaa pale amevaa koti jeusi, akampigia Mama Amon mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kujua kama wamchinjie mbuzi au kuku watatosha.

Mama Amon alikuwa anajaza upepo gurudumu la nyuma. Alimsikiliza Mzee Agustino kwa heshima mpaka mwisho, akamshukuru, akaiweka simu chini. Akaniambia, "Baba Amon, umeniandalia ziara ya askofu." Nikasema nimefanya kwa upendo. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nimechoka."

Neno hilo lilinichoma, na nikamwambia hivyo hivyo, limenichoma. Akakaa chini kwenye lile debe la viazi akanieleza, na nitawaeleza kama alivyosema, kwa sababu mimi sijaweza kuligeuza likawa langu. Alisema, "Tangu nianze kazi sijafika mahali nikakuta hakuna anayenisubiri. Kila mlango niliougonga, ndani kuna mwanamke analia na mama mkwe amesimama na beseni. Nikirudi nyumbani nasubiriwa, nikienda kanisani nasubiriwa, msibani nasubiriwa nikapime presha za wafiwa. Nataka nifike mahali, niegemeze baiskeli, nikute hakuna mtu. Nione nikoje."

Nikamuuliza, "Na mimi? Na mimi nisikusubiri?"

Ndugu wageni waalikwa, alishika pampu akaendelea kujaza upepo. Na mpaka nasimama hapa mbele yenu sijajibiwa. Sina aibu kusema naogopa. Siogopi matope, siogopi mteremko wala breki. Huyo mama ana mkono imara kuliko dereva yeyote niliyewahi kumwajiri. Naogopa kwamba atafika huko kusiko na mtu, aegemeze baiskeli yake, na apapende.

Je, ni mke gani huyu? Ni huyu huyu aliyeniacha na uji jikoni nikiwa na mtoto mchanga mgongoni, akakimbia na mvua kuzalisha watoto wa watu wengine, na wengi wa watoto hao leo mko humu ndani na masharubu yenu. Hatukumwona anachoka. Au tulimwona, na tukaona ni kawaida ya mkunga. Leo mmempigia vigelegele, mmecheza mpaka mbele na godoro, kabati na mablanketi, na mkono mtupu haulambwi, Mungu awabariki. Mimi nitavitunza vyote. Hata kimoja hakiendi kwenye baiskeli.

Mchungaji, najua unajiandaa kuniuliza lile swali, kwa hiyo nalijibu kabla hujasimama. Simkabidhi kwa mtu. Sijawahi kulisikia jibu hilo kwetu, na hata sasa linanitoka kinywani vibaya, lakini nimeligeuza wiki nzima na sina jingine. Mama Amon, nenda.

Mzee Agustino, na wenzako wote niliowapigia simu, nawaomba radhi. Mbuzi arudi zizini. Kwaya iimbe Jumapili kama kawaida. Mama huyu akipita, msimsimamishe, msimpe mti wa kupanda, msimletee mgonjwa. Akiwasalimu, itikieni, akiomba maji, mpeni, asipoomba, mwacheni apite. Halafu akishapita, akishapotea kwenye kona, chukueni simu mnipigie, mnieleze amevaa nini na kama alikuwa anacheka.

Hapana. Msinipigie.

Nawashukuru wote kwa kuja, kwa zawadi, na kwa kumvumilia mzee aliyepewa dakika chache akazila zote. Chakula kiko tayari. Na Mama Amon asinielewe vibaya; mimi nitakuwa nyumbani. Siyo kwamba nasubiri. Naishi pale.