Bwana Rula na Msomaji wa Pili

Ndugu waombolezaji, haya mtakayosikia yameandikwa na mke wa marehemu kwa mkono wake, yanasomwa na mdogo wa marehemu, na wakubwa wa familia waliomba mwanamke mmoja asitajwe humu, mke akafikiri siku mbili, akamtaja.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Bwana Rula, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa nne wa seremala na mshona nguo, akaanza shule ya msingi Januari 1965, akamaliza sekondari mwaka 1976, akasomea ukarani miaka miwili, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kunyoosha vitu, hata sahani mezani hakuiacha ikae upande.

Tarehe 2 Machi 1981 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa uchaguzi, ghorofa ya pili, chumba namba tisa, kazi yake ikiwa kusoma ilani za vyama sentensi kwa sentensi, inayotaka serikali ishike viwanda na kutibu watu bure akiiwekea alama ya kushoto, inayotaka kodi ipungue na wafanyabiashara waachiwe uwanja akiiwekea alama ya kulia, isiyo na upande akiipita, kisha alama zinahesabiwa, na chama kinapata mahali pake kwenye mstari, hata kama jukwaani wenyewe wanajiita kingine.

Ili mtu asipime kwa mapenzi yake, kila ilani ilisomwa na watu wawili, kila mmoja chumbani kwake, bila kuzungumza mpaka wote wamalize, na kuanzia mwaka 1986 msomaji wa pili alikuwa dada mmoja mrefu, mpole, asiyeolewa, wa chumba namba kumi na moja.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1984, wakajaliwa watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, mke akawaogesha, akawafulia, akawakimbiza shule, na jioni baba yao akarudi uso umechangamka, "Mama watoto, leo tumefika tisini na tatu kwa mia!" maana yake yeye na msomaji wa pili, bila kuonana, wameweka alama zilezile kwenye sentensi tisini na tatu katika kila mia, mke akamwuliza, "Na mimi na wewe tuko ngapi?" naye akajibu bila hila yoyote, "Sisi hatujapimwa," akaomba chumvi.

Mke alikagua mifuko, alinusa mashati, alitokea ofisini mara tatu bila taarifa, na mara zote akakuta milango miwili imefungwa na watu wawili wanasoma, jambo lililomuuma kuliko kama angewakuta wanacheka.

Aprili 1995 marehemu alileta ilani nyumbani kinyume cha sheria ya kituo, homa ikamlaza, na mke akachukua kalamu ya risasi, akakaa jikoni, akaziwekea alama kurasa zote zilizobaki, si kwa kusaidia, bali aone kama naye anaweza kufika tisini, na dereva wa kituo alipokuja kuichukua, akamwambia mzee amemaliza.

Kila sentensi iliyotaja watoto mke aliiwekea kushoto, hata ile iliyosema wazazi wajilipie shule wenyewe, hivyo chama cha wenye mashamba makubwa kikaangukia kushoto kuliko chama cha wafanyakazi, mkuu wa kituo akapiga meza, na msomaji wa pili, aliyeona kwa kutupa jicho tu kwamba alama zile si za Bwana Rula, akasema yeye ndiye aliyechanganya kurasa, akaomba zisomwe upya, akaandikiwa onyo, na marehemu akabaki na kazi yake. Mke aliambiwa yote hayo na mumewe, wala hakushukuru, alinuna, kwa sababu kulikuwa na mtu anayezijua alama za mumewe kuliko yeye.

Marehemu alistaafu Juni 2017, akapatwa na kiharusi tarehe 4 Februari 2023, akapoteza kauli, na kila Alhamisi msomaji wa pili alifika hospitali, mke akamwambia, "Amelala, dada, subiri hapo nje," ilhali mgonjwa alikuwa macho. Alhamisi tarehe 16 Machi, saa nane mchana, alifariki mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, na mke alimwona yule dada kupitia kioo cha mlango, kaketi na mkoba mapajani, daktari alikuwa ameshasema hazijabaki hata dakika thelathini, na mke hakuinuka kumfungulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani walioleta viti na kututekea maji, na wafanyakazi wote wa kituo.

Msomaji wa pili amekaa kule nyuma karibu na geti. Mke hasemi kwamba wivu umekwisha, bado upo, lakini, dada, anakuomba radhi mbele ya watu hawa kwa mlango ule, na anakuomba uje mbele, kiti kipo kando yake, na jeneza likifunguliwa utaaga baada ya watoto, wala mtu asikuharakishe.

Pumzika kwa amani, mume wa mkeo.